Ngazi Isiyoshikika

Kwa miezi minane Sikuzani Masoudi alishuka kwenye duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, mara thelathini, arobaini kwa siku, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba chake cha kupanga pale Nachingwea. Alivaa miwani mizito ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho yote na kumwonyesha mtu mahali ambapo hayupo. Akashuka ngazi, akasikiliza nyundo, akaona ukuta wa mwamba ukimwagika, akafa au akaokoka. Halafu alivua miwani, akajifuta jasho, akabadilisha kitu kimoja kwenye kompyuta, akavaa tena. Ikifika jioni shingo ilikuwa imekakamaa, na chakula alikitazama tu kwa sababu ya kichefuchefu.

Mama yake, Bi Mwamina, alipokuja kutoka Narung'ombe kumjulia hali, alimkuta amekaa peke yake akipunga mikono hewani. Akamgusa bega. Sikuzani aliruka nusura aangushe meza.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Niko kazini, mama."

Bi Mwamina alikaa kitandani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo yaliyofuata aliyasema kwa Kimwera: kwamba bintiye amechoka kama mtu aliyelima shamba zima, ila shamba lenyewe halionekani.

Shamba wote wawili walilijua, maana ndiko walikotoka. Sikuzani alikulia kwenye korosho na ufuta, akasoma kwa shida, akaishia kufundisha fizikia na kompyuta kwa mkataba wa muda kwenye sekondari. Mkataba ulipokwisha alikuwa na miaka thelathini na sita na hakuna shule iliyomwita. Ndipo ukaja mradi mmoja wa kufundisha usalama kwa wachimbaji wadogo. Walitaka mtu anayejua kompyuta na anayeweza kukaa na watu wa Ruangwa bila mkalimani. Wakampeleka Dar miezi miwili, wakamfundisha, wakamrudisha na sanduku la miwani sita.

Watu wakisikia kazi hiyo hudhani ni kuchora picha. Picha zilichorwa na wengine. Kazi ya Sikuzani ilikuwa kupanga nini kitokee, lini, na baada ya nini. Kwenye kompyuta yake kila tukio lilikuwa kisanduku: vumbi linadondoka, gogo linalia, taa inafifia, ukuta unaanguka. Visanduku aliviunganisha kwa mistari, na kila mstari ulimaanisha subiri: hili lisitokee mpaka lile limalizike. Katikati ya matukio ziliwekwa arifa, maandishi meupe yanayojitokeza mbele ya macho pamoja na mlio wa kengele. Angalia juu. Sogea ukuta wa kushoto. Kimbilia ngazi. Hongera, umefaulu. Zilikuwa thelathini na moja kwa somo la dakika sita. Ofisi ya Dar ndiyo iliyozitaka zote. Kengele ile ilimkaa Sikuzani kichwani kiasi kwamba aliisikia akiosha vyombo, akageuka kutafuta kilichoandikwa.

Siku ya kulijaribu somo kwenye machimbo ya Namungo ilisogezwa mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na mechi, na asingebaki mtu wa kuvaa miwani. Mara ya pili umeme ulikatika tangu alfajiri na miwani haikuwa na chaji. Walikutana hatimaye mwezi wa tisa, kwenye banda la kikundi cha wachimbaji lililo jirani na karasha, mashine ya kusagia mawe. Walikuwa watu kumi na wawili. Katibu wa kikundi, mama mmoja mwembamba aitwaye Johari, aliwapanga kwenye benchi na kuwaonya wasichezee vifaa vya mwalimu.

Kumi na mmoja wa kwanza walifaulu wote, Johari akiwemo. Kengele ikilia wanasoma, wakisoma wanafanya. Kijana mmoja alisogea hadi chini ya ukuta uliokwisha kupasuka, akasimama pale kimya akisubiri maandishi yamwambie akimbie. Yalipojitokeza akakimbia. Hongera. Wenzake wakapiga makofi. Sikuzani naye alipiga makofi, ingawa kitu kilimkwaruza moyoni, kitu ambacho siku hiyo hakuwa na nguvu ya kukitazama.

Wa mwisho alikuwa Lubasha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu. Yeye na mdogo wake walitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakaweka boma Chinongwe, na kiangazi wakawa wanakuja Namungo kuchimba. Alivaa miwani taratibu kama mtu anayepokea kitu kisicho chake. Sikuzani aliona kwenye kompyuta kila alichokiona mzee. Lubasha alishuka ngazi, akafika chini, akageuza kichwa mara moja. Halafu akasimama.

Kengele ikalia. Sogea ukuta wa kushoto.

Hakusogea. Baada ya sekunde kumi ikalia tena.

"Mzee Lubasha, sogea kushoto kidogo," Sikuzani alimwambia.

"Siendi."

"Ni picha tu, mzee. Haitakuumiza."

"Pale juu kuna vumbi linadondoka. Nimeliona nikiwa bado kwenye ngazi. Mimi siendi pale. Natoka."

Watu kwenye benchi walicheka. Lubasha aligeuka, akanyoosha mikono kushika ngazi, na kwenye kompyuta Sikuzani akaona vidole vyake vikipita katikati ya mbao kama vinapita kwenye moshi. Akajaribu tena. Vikapita. Ngazi ilikuwa imefungwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo: mtu akishafika chini, isishikike tena mpaka ukuta umeanguka, ili asije akapanda kabla somo halijaisha. Na ukuta usingeanguka mpaka mtu asogee karibu yake. Kengele ilikuwa inalia. Sogea ukuta wa kushoto. Lubasha alikuwa anapapasa hewa kwa mikono miwili sasa, na pumzi yake ilisikika banda zima. Kicheko kikakatika.

"Mvue!" Johari alisimama. "Mwalimu, mvue hilo dude!"

Sikuzani alimvua. Kwenye kompyuta maandishi mekundu yalibaki yamesimama: Hujafaulu. Umeshindwa kufuata maelekezo.

Lubasha alitoka nje akaketi juu ya jiwe kubwa, mgongo umelowa jasho. Sikuzani alimfuata, akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono.

"Ngazi yako haishikiki, mwalimu," Lubasha alisema.

"Nimeona, mzee. Nisamehe sana."

"Yale maneno ya kusema nisogee. Nani kayaandika?"

"Mimi."

Lubasha aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Sikuzani zaidi kuliko kama angefokewa. Baadaye, walipokuwa wanafunga sanduku, Johari ndiye aliyemweleza. Alieleza huku anakunja nyaya, bila kumtazama.

"Yule mdogo wake, Mayunga, alikuwa mume wangu. Walikuwa chini wawili. Lubasha akaona vumbi, akasema tutoke. Msimamizi aliyekuwa juu akawapigia kelele wamalizie kwanza mfuko mmoja. Lubasha akapanda. Mume wangu akabaki, kwa sababu ameambiwa." Akamkabidhi nyaya. "Mwaka wa tatu huu."

Sikuzani alirudi Nachingwea kwa bodaboda, sanduku limefungwa nyuma, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi. Njia nzima alikuwa akiwaza jambo moja. Mtu pekee aliyefanya kile ambacho mradi mzima ulitaka kuwafundisha watu, ndiye mtu pekee ambaye somo lake lilimfelisha.

Kesho yake alimpigia Valentina, msimamizi wa mradi aliyekaa Dar. Valentina hakuwa mtu mbaya. Alikuwa dada mdogo mwenye kazi nyingi, na sauti yake siku zote ilikuwa ya mtu aliyekatizwa katikati ya jambo lingine.

"Pole sana, dada Siku. Na huyo mzee yukoje?"

"Mzima. Valentina, arifa lazima zitoke. Tunawafundisha watu kungoja kuambiwa."

"Zitoke zote?"

"Karibu zote. Na ngazi iwe wazi tangu mwanzo, na ukuta uanguke wenyewe, mtu asogee asisogee."

"Dada, kila arifa ni hatua, na kila hatua iko kwenye fomu. Wageni kutoka kwa wafadhili wanakuja tarehe kumi na nane mwezi ujao. Nikiziondoa nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe watu waliotoka wazima."

"Tufanye hivi. Tengeneza toleo la pili, ukiweza. Lakini lile la kwanza liwe tayari kwa wageni."

Ikawa kazi mbili kwa mtu mmoja. Kabla ya kugusa kompyuta, Sikuzani alikwenda Chinongwe kumtafuta Lubasha. Alimkuta bomani anamfunga ndama kidonda cha mguu. Alimsalimia, akaomba radhi tena, akamwambia anataka kulipanga somo upya na hajui dalili huja kwa mpangilio gani.

"Mpangilio gani?"

"Kipi kinaanza, mzee. Vumbi, au magogo?"

Lubasha alikaza fundo la kitambaa kabla ya kujibu. "Siku nyingine matimba yanalia kwanza, yale magogo ya kuzuia mwamba. Siku nyingine vumbi. Siku nyingine maji yanachuruzika mahali palipokuwa pakavu. Kuna siku havitokei kabisa, ukuta unakuja tu. Na kuna siku vinatokea vyote, unatoka, unakaa juu mpaka jua linazama, na ukuta haujaanguka. Kesho unakuta bado umesimama."

"Sasa siku hiyo si umekosea?"

"Nimekosea nini? Si niko juu?"

Sikuzani aliyaandika maneno yale kwenye daftari kama yalivyo. Wiki tatu zilizofuata hakumbuki vizuri alizipitishaje. Alipofungua ngazi, kila kitu kilichotegemea ngazi kilivurugika. Ukuta ulianguka mara mbili mfululizo. Taa ilizimika kabla mtu hajashuka. Alifuta arifa moja, tukio lililokuwa likiisubiri likaganda, vumbi likabaki limening'inia hewani kama chandarua. Akalirekebisha hilo, likaharibika lingine. Siku moja kifusi chote kilimfunika, giza tupu, na katikati ya lile giza yakajitokeza maandishi meupe pamoja na kengele: Hongera, umefaulu. Alianza kucheka. Kicheko kikageuka njiani, akavua miwani, akakaa amefunika uso kwa mikono mpaka maji ya chai yakakaukia jikoni.

Simu nayo haikumpa nafasi. Kundi la mradi lilikuwa linalia tangu asubuhi: picha za mabango ya wageni, orodha ya viti, nani ataleta maji. Aliiondolea mlio akaifungia kabatini. Akaendelea kufuta. Mwishoni zilibaki arifa tatu, zote za mwanzo kabla ya kushuka, za kumweleza mtu namna ya kushika na kutembea. Chini hapakuwa na neno. Dalili zilikuja kwa kubadilishana, kila safari na namna yake, na katika safari moja kati ya nne ukuta haukuanguka kabisa. Mtu akipanda juu hapakuandikwa hongera wala pole. Palionekana mwanga wa mchana tu, na mwalimu akamuuliza kwa mdomo: uliona nini?

Valentina alilijaribu toleo hilo alipowasili Ruangwa siku moja kabla ya wageni. Alivua miwani amekunja uso.

"Nimetoka, halafu hakuna kilichoanguka. Mtu kama huyu tunampa alama gani?"

"Amefaulu."

"Amefaulu kukimbia nini, dada?"

"Hajui alichokikimbia. Ndiyo maana amefaulu."

Valentina alimtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgonjwa, akasema wataliongelea baada ya wageni.

Wageni walikuwa wanne. Waliingia bandani, wakaonyeshwa toleo la kwanza. Mmoja wao alivaa miwani, akafuata kila kengele, akasogea ukutani, akakimbilia ngazi iliyofunguka kwa wakati wake, akatoka anatabasamu. "Inaeleweka sana," akasema, na watu wakapiga makofi. Valentina alimgeukia Sikuzani akamuuliza kama ana la kuongeza. Sikuzani alikuwa nalo. Alilipanga njiani kutoka Nachingwea, neno kwa neno. Lakini aliona uso wa Valentina, ambaye naye hakuwa amelala siku kadhaa, akaona wageni wanaangalia saa, akaona nyuma kabisa Lubasha amekaa na mikono kifuani akimtazama.

"Hapana," alisema. "Asanteni sana."

Aibu ya jibu lile ilimkaa muda mrefu. Alikuja kusema baadaye kwamba haikuwa woga. Ni kwamba alipofungua mdomo, maneno yalikuwa mazito kuyanyanyua.

Wageni walipokwenda kula, Sikuzani alibaki na watu tisa na toleo la pili. Johari alisema aanze yeye. Alishuka, akasimama chini akizungusha kichwa. Gogo likalia. Maji yakachuruzika. Johari alisimama tu. Ukuta ukamjia bila kengele, bila neno. Alivua miwani polepole, akaikalisha mapajani.

"Nilikuwa nasubiri niambiwe," alisema, na hakuna aliyecheka.

Sikuzani hakuwa na ujasiri wa kumwomba Lubasha. Mzee alisimama mwenyewe, akaja hadi mezani.

"Inashikika?"

"Inashikika, mzee."

Alishuka. Akainua uso mara moja, akasikiliza, akageuka, akashika ngazi, akapanda. Haikufika dakika moja. Alipovua miwani alimuuliza Sikuzani, "Ukuta umeanguka?"

"Haukuanguka. Safari hii haukupangiwa kuanguka."

"Vizuri," Lubasha alisema, akampa miwani mtu aliyekuwa nyuma yake.

Mradi uliisha mwezi wa kumi na mbili. Kwenye taarifa ya mwisho toleo la kwanza lilipewa kurasa nne zenye picha. La pili lilipewa mstari mmoja: toleo la majaribio, halijapimwa. Miwani minne ilirudishwa Dar. Miwili iliachwa kwa kikundi cha Namungo kwa kuwa vioo vyake vilikwisha kukwaruzika, na Johari aliifungia kwenye kabati la chuma akawa anawavalisha watu Jumamosi, umeme ukiwepo. Valentina alimwandikia Sikuzani barua nzuri ya kumshukuru. Sikuzani alipata tena vipindi vya fizikia kwenye shule nyingine hapo Nachingwea, vya muda kama kawaida. Macho yalimuuma mpaka mwaka mpya.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, Johari alimpigia saa ya mapumziko. Sikuzani alitoka ofisi ya walimu ili amsikie.

"Mwalimu, kuna vijana watatu wako hapa. Wiki iliyopita walikuwa chini, wakaona maji yanachuruzika pakavu. Wakatoka wote."

"Ukuta ukaanguka?"

"Haukuanguka. Ndiyo shida yenyewe. Mwenye duara kawaita wavivu, kawaweka wengine. Wengine wameshuka, wamechimba siku mbili, wametoka. Sasa vijana wanachekwa kila wanapopita."

"Waambie walifanya sawa."

"Nimewaambia. Lubasha naye kawaambia. Wanataka kusikia kwa mwalimu."

Sikuzani aliegemea nguzo ya varanda. Alisikia simu ikipokezwa mkono hadi mkono, mvua ya Namungo ikipiga bati. Akamwambia wa kwanza: mlifanya sawa. Akamwambia wa pili yale yale. Wa tatu aliitwa Huzaifa, na yeye hakuridhika upesi.

"Mwalimu, na kesho tukishuka, tukiyaona tena?"

"Mtoke tena."

"Na yasipoleta kitu tena?"

"Mtoke hivyo hivyo."

"Mpaka lini, mwalimu?"

Sikuzani alitafuta jibu, na safari hii alilitafuta kwa dhati, hakutaka kumpa mtu maneno ya kumaliza mazungumzo. Uwanjani wanafunzi walikuwa wanakimbia kukwepa manyunyu.

"Sijui, mdogo wangu," alisema. "Sijui mpaka lini. Nami nimechoka kama wewe. Lakini mtoke."

Huzaifa akasema sawa, akaaga kwa adabu. Sikuzani alisubiri mpaka simu ikakatika upande wa pili. Alichukua boksi la chaki dirishani, akaelekea kidato cha pili, ambako walikuwa hawajaanza hata kufuta ubao.